Popo Wanaolambana

Mama yangu Bi Zuena,

Shikamoo. Najua hutaniitikia marahaba, lakini mkono umekataa kuanza kwa namna nyengine. Niko chumbani kwako, hapa Ibra, Oman. Wageni wa matanga wameshaondoka, mwanao Nassor amekwenda kurudisha masufuria ya majirani, na nyumba imenyamaza. Ungekuwapo ungewasha redio. Keshokutwa narudi Brazili kwenye masomo yangu ya popo, na bado sijaamua kama nitaifanya ile kazi niliyokuhadithia. Ndiyo maana nakuandikia. Nimezoea kukuuliza wewe kwanza.

Lakini kwanza nikupe habari za mazishi, maana ulipenda kujua nani kafanya nini. Nilipotaka kushuka kaburini pamoja na Nassor kukupokea, mzee mmoja alinishika mkono, akaniambia wanaoshuka ni maharimu, jamaa zako wa karibu. Nassor akasema, "Huyu kanyonya kwa mama. Mpishe." Basi. Mzee akaniachia. Mama, sikulia ulipokata roho, sikulia ulipokoshwa. Pale ndipo nilipolia. Hukunizaa wewe. Mama yangu mzazi, shoga yako, alifariki mimi bado mchanga, nawe ukatugawia ziwa mimi na Nassor, huku wanawake wenzio wakikuambia maziwa hayatatosha.

Ulicheka sana siku niliyokuambia nasomea popo wanaokunywa damu. Nilikueleza mara ngapi kwamba hawako Oman, wako Amerika tu, wala hukuamini. Tulipokwenda Sinaw kununua mbuzi wa Idi uliwauliza mabedui kama mifugo yao imepata kung'atwa na popo, kwa Kiarabu chako cha Unguja, wakabaki kukutazama. Lakini nilipokusimulia kwamba popo akirudi pangoni na njaa, mwenzake aliyeshiba humtapikia damu mdomoni ili asife, uliacha kucheka. Ukasema, "Kumbe hata popo wana ndugu wa kunyonya!" Nimelisema neno hilo darasani kwa Kireno changu kibovu, na profesa wangu alicheka mpaka akavua miwani.

Habari ya dawa ndiyo iliyokuondolea raha. Popo hawa huambukiza kichaa cha mbwa. Ng'ombe wanakufa, na watu pia. Kwa hiyo tunamkamata mmoja, tunampaka mgongoni dawa nzito, tunamwachia. Akifika pangoni wenzake wanamlamba kumsafisha, kama wafanyavyo kila siku, na waliomlamba wanakufa kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Nilipokueleza hayo, likizo ile, ulikuwa unampaka mjukuu wako mafuta ya nazi kichwani. Mkono ukasimama. "Yaani wanakufa kwa kupendana, mwanangu?" Nikaona haya, utadhani mimi ndiye niliyeitunga dawa. Kisha ukauliza, "Na hao wenye ng'ombe, wana watoto?" Nikakuambia wanao, na kwamba nilimjua mmoja aliyeng'atwa kidole usingizini, mama yake akadhani ni mkwaruzo tu. Hakupona. Ukamlilia mtoto usiyemjua hata jina. Ukafuta macho, ukasema, "Basi kazi unayo."

Ninayo, Mama. Nikikataa kupaka dawa, nani atamlinda mtoto mwengine? Nikipaka, nitakuona wewe kila nikimshika popo. Tena mapango tunayoyamaliza hujaa upya. Popo wageni wanaingia na maradhi yao. Wako wenzangu maabara wanaojaribu chanjo ya kupakwa vilevile: apakwe mmoja, wenzake wamlambe, wapate kinga. Bado haijafaulu. Profesa ameniambia waziwazi kwamba nikihamia kwao nitaanza masomo upya, na huenda mwisho wake nikarudi mikono mitupu.

Mwaka jana nisingefikiri mara mbili, ningekataa kuhamia kwao. Nilikuwa na haraka ya kumaliza, nirudi nikuuguze mimi mwenyewe. Sasa haraka hiyo sinayo. Imeniuma kuyaandika haya, lakini ni kweli.

Basi nimeamua. Nitakwenda kwa hao wa chanjo. Na kwa kuwa watoto hawawezi kutungoja, siku zisizo za maabara nitafuatana na wauguzi vijijini, kila aliyeng'atwa adungwe sindano mapema, hata kama ni mkwaruzo. Nassor atasema nimechanganyikiwa kwa msiba. Huenda. Wewe ungenigombeza kwanza, halafu ungeniuliza nguo za baridi ninazo.

Lala, Mama. Mola akupanulie kaburi lako, akukutanishe na shoga yako. Ile miaka niliyokuwa nimekuwekea wewe bado ninayo yote, na sina tena wa kumpa hapa. Nakuahidi nitawapa watoto wa kule.

Mwanao,
Khalfan