Mwanamke wa Ukurasa wa Tisa

Machi 3

Dada mpendwa,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na huyo mpangaji wako tumboni? Mimi mzima, ila roho iko juu juu. Mama anasema umeapa hutarudi kliniki. Rudi, tafadhali. Mimi ni karani tu wa hospitali, lakini wanaochelewa kufika nawaona.

Mdogo wako

Machi 9

Mdogo wangu mwoga,

Sisi wazima. Mpangaji anapiga mateke nisiyoyaweza mimi. Kliniki walinipa kijitabu cha wajawazito: kurasa zote wanawake wamesimama, wanatembea, wanachuchumaa. Nikamuuliza nesi, "Wa kiti cha magurudumu anazaaje?" Akacheka, "Mama, hayo tutayaona siku ikifika." Mimi si mvua ya kungojwa inyeshe! Wewe si unachora? Nichore ninavyozaa, nitarudi.

Dada yako

Machi 20

Dada,

Afya yako? Nakutumia picha, umelala ubavu. Kijitabu hicho hutolewa na hospitali yetu, sasa kinachapishwa upya, na kurasa nazipeleka mimi kwa daktari mkuu. Nikiichomeka hii bila ruhusa naweza kufukuzwa.

Mdogo wako

Machi 27

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimecheka hadi mpangaji akaamka. Miguu yangu haijikunji yenyewe: weka mto katikati, na mkono wa mtu ulioshika mguu wa juu. Na pua ya baba umenipa ya nini? Rekebisha, uichomeke. Cha mvunguni sharti uiname. Mimi siwezi, niinamie.

Dada yako

Aprili 11

Dada,

Mnaendeleaje? Niliichomeka. Daktari mkuu akaja ofisini na ukurasa mkononi. "Kazi ya nani hii?" Nikasema, "Yangu. Na huyo ni dada yangu."

"Mbona ananikodolea macho?"

"Ndivyo anavyomtazama kila anayemwambia asubiri."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na yeye pia. Ni ukurasa wa tisa, dada! Na bango la picha hiyo litabandikwa wodi zote za wazazi, hata ya kwenu. Pua nilisahau. Sasa timiza ahadi.

Mdogo wako

Juni 2

Mjomba,

Tu wazima, wote wawili. Kliniki sikukosa hata mara moja. Mkunga alikuwa kijana, hajawahi kumzalisha mtu wa kiti. Jasho lilimtoka kunizidi. Nikamwonyesha ukutani. Akalitazama bango, akanilaza ubavu, akaweka mto, akamwita shemeji yako ashike mguu wa juu.

Ni msichana. Pua ya baba hukukosea. Ulikosea wa kumpa.

Dada yako, wa ukurasa wa tisa