Jicho la Mama wa Mto

Kijiji cha Toi,
Kibra, Nairobi.
Tarehe 9 Mei, 1938.

Mpendwa kaka yangu Fadlalla,

Salaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, umekula umeshiba, na lile goti uliloumia kwenye mpira limepona. Mjomba Abdelkarim hajambo? Tangu arudi huko Bombo kutoka mazishini kwa bibi yetu Habooba hatujasikia neno lake, na unamjua, hasemi. Mkewe hajambo? Mvua je? Huku inanyesha mpaka vyura wanaingia jikoni bila hodi. Sisi kwa mwili hatujambo. Mama anakohoa kidogo lakini anakula. Mimi pia mzima. Usiniulize zaidi, nakuja huko huko.

Rambirambi zako tulizipata. Kila mgeni akija Mama ananiita, "Sitti, lete barua ya Fadlalla, soma," na mimi nasoma, na wao wanalia upya. Mpaka nimeishika kwa kichwa. Wewe uliyenifundisha herufi kwa mkaa pale nyuma ya zizi, ona kazi uliyonipa.

Sikukuandikia mapema kwa sababu kila nikianza machozi yanaharibu karatasi, na karatasi zenyewe naombaomba dukani. Leo nitasema mara moja nimalize: kaka, ile picha niliyomchorea Habooba imeisha. Imepakwa udongo. Haya, nimesema. Sasa nikueleze.

Wewe uliondoka kabla sijaanza ile picha. Unanijua tu kwa yule ngamia niliyemchora kwenye mlango wa choo cha madrasa. Unakumbuka? Mwalimu alivyofoka, "Siku ya kiyama utaambiwa umtie roho huyo ngamia!" Na wewe ukamjibu, "Mwalimu, huyu ana miguu mitatu, hata akitiwa roho ataenda wapi?" Tukachapwa wote wawili. Mpaka leo nikimkumbuka yule ngamia nacheka peke yangu.

Basi Habooba alipolala kitandani asiinuke tena, hadithi zake ndiyo zikazidi. Miguu ilikataa lakini mdomo, wee! Asubuhi fisi anayeoa, mchana mfalme aliyekula jua kidogo kidogo kama chapati. Mimi nilikuwa nachoma uji kwa sababu ya kusikiliza. Siku moja nikamwambia, Habooba, nikuchoree hapa ukutani, karibu na kitanda, uone ukiwa umelala? Akafikiri. Akasema, "Chora, lakini usiwape macho. Bila macho ni kama mti tu, hata mwalimu hana neno." Basi nikachora wote bila macho. Mkaa kwa nyeusi, jivu, buluu ya kufulia niliyochukua kwa Mama (alidhani panya), na mswaki wa mti niliotafuna ncha ndiyo brashi. Nilikuwa nikiamka tu, kabla ya kuosha uso, nakimbilia ukutani.

Hadithi iliyonishika kuliko zote ni ya askari na kivuli. Sijui kama wewe alikusimulia. Anasema wakati wazee wetu wanatolewa kule kwao Sudani kuletwa huku na jeshi, walifika kwenye mto mkubwa. Wakapanda mashua. Askari mmoja, kufika katikati ya maji, akatazama chini, hana kivuli. Kugeuka, akakiona kivuli chake kimebaki ng'ambo kimesimama, kimekataa kupanda. Akaita. Hakikuja. Mkubwa wake akamwambia kaa chini wewe, utatuzamisha. Akaenda hivyo hivyo, akawa mtu asiye na kivuli, akafika mpaka huku, akapewa shamba, akaoa, akazaa. Na kule ng'ambo Mama wa Mto, anayechana nywele kwa mfupa wa samaki, akatoka majini akakiokota kile kivuli. Akaokota na vya wengine. Anavyo vyote mpaka leo.

Kaka, niliposikia hiyo nilikimbilia mkaa! Nikachora mashua, nikachora askari, nikamchora Mama wa Mto mkubwa kushinda wote, nywele zake zikafika mpaka dirishani, vivuli amevikumbatia kama kuni. Nikamuuliza Habooba, sasa anavifanyia nini? Akasema, "Kesho. Nimechoka." Kisha akanitazama, akasema, "Lete huo mkaa." Akalowesha kidole kwa mate, akakisugua kwenye mkaa, akanyoosha mkono pale alipolala, akamtia Mama wa Mto jicho. Moja tu. Nikamwambia, Habooba, na mwalimu je? Akasema, "Huyu lazima aone. Anachunga vitu vya watu."

Hiyo kesho haikufika. Alfajiri Mama ndiye aliyemkuta. Ya mazishi mjomba alikwambia.

Nilikuwa sijamwambia mtu habari ya lile jicho. Sikuficha, ila nyumba ilijaa watu, kila mtu ana kilio chake, na mimi nilikuwa nikiingia mle chumbani naliangalia natoka. Hilo ndilo lilikuwa kaburi langu la kuzuru.

Ikakaribia arobaini yake. Mama akanituma Kawangware kwa Wamuyu, mke wa Muigai, nichukue maziwa ya karama, ile sadaka ya arobaini, maana ng'ombe wetu amekauka. Nilifurahi kwenda kwa sababu Wamuyu ana udongo mweupe, wao wanauita ira, na nilitaka kumaliza nywele za Mama wa Mto kabla watu hawajaja kusoma dua. Nikafika, nikapewa maziwa, nikapewa udongo umefungwa kwenye jani la mgomba. Ningerudi hapo hapo. Lakini unajua Wamuyu! Akaanza habari ya zimwi lao, kijana mzuri wa kupendeza wasichana ngomani, kumbe chini ya nywele, kisogoni, ana mdomo wa pili, na akidhani haonekani ule mdomo unadaka nzi. Nikakaa chini. Nikauliza, nywele zake zimesukwa? Huo mdomo una meno? Mpaka Wamuyu mwenyewe akanifukuza: "We mtoto ya Wanubi, maziwa inaganda na wewe unauliza meno ya zimwi! Enda kwenu!"

Njiani nacheka, namchora kichwani. Kufika karibu na kwetu nikasikia nyimbo za akina mama. Moyo ukafurahi kwanza. Halafu nikanusa kinyesi cha ng'ombe na udongo mbichi.

Unajua desturi. Nyumba ya msiba haifiki arobaini na vumbi la msiba. Majirani wanakuja na udongo wao, maji yao, wanapaka nje na ndani, na mwenye nyumba hagusi. Mimi nilijua wanakuja, lakini nilijua wanakuja kesho yake, na nilikusudia kuwaomba wauache ule ukuta. Kwa sababu ya mvua Bi Batul aliwaambia leo jua limetoka, twende. Na Mama alikuwa sokoni anatafuta mchele.

Bi Batul akanipokea mlangoni, shuka lake la gurbaba amelifunga kiunoni, tope mpaka kwenye viwiko, anameremeta kwa furaha. "Sitti, njoo uone! Nyumba imekuwa bibi harusi! Hata ule ukuta wa marehemu uliojaa masizi, maskini, tumeupaka mara mbili!"

Masizi, kaka.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Wote wamesimama wananiangalia, wazee, wengine wana viuno vibovu, wamebeba maji kutoka mtoni kwa ajili ya bibi yangu. Nikasema asante mama zangu, Mungu awalipe. Na ile desturi nyingine nayo ikanipata mimi: binti wa nyumba ndiye anawamiminia maji ya kunawa, na kuwapaka mafuta mikononi. Nikashika birika. Nikawamiminia mmoja mmoja. Maji yakatoka ya tope, yakaenda mferejini, na mimi nayatazama, nawaza labda lile jicho limo humo. Bi Batul akasema, "Usilie mwanangu, bibi yako anatuona." Nikampaka mafuta.

Karama ilikwenda vizuri, sitakudanganya. Watu walikula wakabakisha, wamesoma vizuri, mwalimu mwenyewe alisifu nyumba, akaketi ameegemeza mgongo pale pale kwa Mama wa Mto.

Wageni walipoondoka nikachukua kijiko. Nikasema nitakwangua pole pole, huenda chini pamebaki. Udongo mpya ulikuwa umeshikana na wa zamani. Nikakwangua kidogo, likabanduka pande zima kama mkate, likaanguka, likavunjika. Nikapekua vipande, vumbi tupu. Mama akaingia.

"Sitti! Unabomoa nyumba ya watu?"

Nikamwambia yote, nimepiga magoti katika takataka. Mashua, vivuli, mkaa, kidole.

"Kidole cha mama yangu?"

"Ndiyo."

"Alitia yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

Nilidhani atanipiga au atamlaani Bi Batul. Hakufanya hata moja. Alivua viatu, akapanda kwenye kitanda cha Habooba, akaweka kiganja ukutani. "Wapi?" akasema. "Nionyeshe ni wapi."

Nikasema hapa. Akapapasa. Nikasema hapana, labda huku, karibu na dirisha. Akapapasa huko. Kaka, mimi niliyechora ile picha, niliyelala nayo na kuamka nayo, sikuweza kumwonyesha. Ukuta ulikuwa laini sawasawa kila mahali. Akaendelea kupapasa, kutoka kitandani mpaka mlangoni, na mimi nyuma yake nasema labda hapo, labda hapo, mpaka akachoka akakaa.

Sasa kila siku Mama ananiambia nichore tena, ukuta huo hapo, hata buluu ameninunulia mwenyewe. Nashika mkaa, nasimama. Mashua naiweza. Askari namuweza. Nikifika kwa Mama wa Mto mkono unasimama, kwa sababu sijui anavifanyia nini vile vivuli. Anavitunza tu, au iko siku atavirudisha? Mtu anayerudisha hasimami kama mtu anayeweka. Nimemuuliza Mama, akasema hajui: "Hadithi aliwapa nyinyi wajukuu. Sisi watoto wake alitupa kazi."

Kwa hiyo umebaki wewe. Ulilala chumba kimoja naye mpaka ulipokuwa mkubwa. Kama alikumalizia, niandikie, hata kama ni maneno mawili. Na kama hakukumalizia, niandikie hivyo pia. Ila tafadhali kaka, usitunge. Nakujua unavyonionea huruma. Usinitungie.

Nisalimie mjomba, umwambie magugu ya makaburini nimeyang'oa yote na kaburi ni safi. Nisalimie mkewe Bakhita, na mtoto wao Murjan, mshike mashavu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, na Bi Batul naye anakusalimu sana, anauliza lini utaoa.

Mungu akulinde ukitoka na ukirudi, akupe afya, na atukutanishe tukiwa bado tunakumbukana sauti.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukichelewa kujibu,

Sitti