Taa ya Kichwani ya Marcel

Chuoni, Shinyanga

Dada Paskazia,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe, shemeji Chacha na watoto, na kwamba miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mimi ni mzima, nakula, nalala, naingia darasani. Nimempa kondakta wa basi la Buseresere akuletee badala ya kupiga simu, kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti ya juu ili Mama naye asikie, na haya sitaki ayasikie.

Muhula huu tunasoma mawimbi na nuru. Mwalimu Eunice alisema nuru husafiri kama wimbi, lakini ikigonga kitu hutoa nguvu zake kwa vifurushi vidogo vidogo. Mwenzetu Fredy akamuuliza kama navyo huisha muda kabla hujavitumia, kama vya simu, darasa likacheka. Nadhani nami nilicheka. Alisema pia kwamba bati la zinki ukilimwagia nuru nyekundu, hata iwe nyingi kiasi gani, halitoi elektroni hata moja. Linataka nuru ya aina yake, hata ikiwa hafifu. Nikakumbuka msiba wa kaka Marcel, mlivyolia wote nami nikakaa mkavu, ukaniambia mbele ya shangazi kwamba nina moyo wa jiwe. Sikukasirika. Hata mimi nilikuwa nasubiri kulia.

Wiki iliyopita taa za maabara ziligoma, Mwalimu akatuagiza tuje na tochi tumulike sidii kuukuu ya muziki, tuone nuru ikijigawa rangi. Mimi sina tochi. Nina ile taa ya kichwani ya Marcel, uliyonipa pamoja na shati lake walipomtoa duarani, kwenye lile shimo la dhahabu kule Geita. Niliichukua nikijua haitawaka, maana tangu unipe sijawahi kuichaji. Nikabonyeza, ikawaka, chaji karibu imejaa. Rangi zilitokea vizuri kuliko za wenzangu. Nikapima pembe, nikakokotoa urefu wa wimbi, nikapata alama zote.

Dada, Bujiku, msimamizi wa duara, alituambia Marcel alifia palepale kifusi kilipoanguka, ndiyo maana aliwaamuru wachimbaji waache kufukua mpaka miamba itulie. Angefia palepale, taa ingebaki inawaka siku zote alizokaa chini, hadi chaji iishe. Swichi yake hubonyezwa na kushikiliwa ndipo izime. Jiwe haliwezi kufanya hivyo. Marcel mwenyewe alishanieleza kwamba mchimbaji akifukiwa, kitu cha kwanza ni kuzima taa, atunze mwanga wa kuwaonyesha wenzake watakapokaribia. Kaka alikuwa hai. Alizima taa, akakaa gizani akitusubiri. Sisi tulikuwa huku juu tunapika uji wa msiba.

Mama abaki anaamini kwamba hakuteseka. Lakini ulisema shemeji anataka kuingia duara hilohilo, chini ya Bujiku huyohuyo. Msomee barua hii. Naomba asiende. Akienda, na siku ikatokea wakakwambia wameacha kufukua, usikubali kurudi nyumbani. Kaa hapo mdomoni mwa duara mpaka wamfikie.

Wasalimie watoto, na Mama mwambie nafanya vizuri katika masomo. Taa nimeizima, iko mezani hapa. Kulia bado. Ikitokea nitakuandikia.

Mdogo wako,
Violeth