Nilivyomwigiza Hamisi mbele ya darasa

Jumatano. Tangu asubuhi mawingu yamejaa juu ya mtaa wetu wa Buyenzi na mvua hainyeshi. Nami sina raha.

Mi sikusoma hata siku moja. Nasema, mjukuu wangu Zaina anaandika. Leo nimemwambia aandike yote, asinipambe.

Zaina anasoma masteri chuo kikuu. Wanajifunza habari za watu ambao akili zao zinakwenda polepole, au zinakwenda kwa njia yao wenyewe. Mwalimu wake aliomba mzazi mmoja aje darasani aeleze maisha ya nyumbani. Nikaenda na mwanangu Hamisi. Ni mtu mzima, ana ndevu, anaosha vyuma kwenye gereji, lakini maneno yanamchelewa.

Nilipoona wale vijana na kompyuta zao, nikaogopa. Mimi niwafundishe nini?

Basi nikafanya ninachokijua. Nikamwigiza Hamisi. Anavyotembea, anavyotafuta neno mpaka mdomo unabaki wazi. Nikatoa na hadithi moja ya kuchekesha juu yake, ninayowapa majirani kibarazani. Vijana wakacheka. Nikaongeza.

Hamisi alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Mwanzo alicheka nao. Halafu akaanza kuangalia viatu vyake. Mwalimu hakucheka. Akamuuliza Hamisi kama na yeye ana la kusema.

"Apana. Mama amemaliza yote."

Kurudi, alivuka barabara peke yake. Siku zote hunishika mkono.

Nyumbani Zaina akaniambia kwamba wao, kabla ya kuandika neno moja juu ya mtu, wanamuuliza mwenyewe. Akikataa, wanaacha. Nikawaka.

"Mi ndiye nimemuzaa. Nimuombe ruhusa ya nini?"

"Umemuzaa, Bibi. Lakini si we waliyekuwa wanamcheka."

Nikakosa pa kuweka uso.

Mtu akimcheka Hamisi njiani, mimi namtukana mpaka anabadili njia. Buyenzi nzima wanajua mdomo wangu. Leo waliomcheka niliwachekesha mimi, nimevaa kitenge changu kipya, na nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilifurahi.

Jioni nikampelekea chai. Nikamwambia, Hamisi, nimekukosea. Akanywa tu. Nikamuuliza kama naweza kumwambia Zaina ayaandike haya. Alifikiri sana, mdomo wazi, na mara mbili nilitaka kumtolea neno. Nikajizuia.

"Andika. Ile hadithi, apana."

Kwa hiyo hapa hamtaipata. Inachekesha kweli, sisemi uongo, na inanikereketa kooni hata sasa. Mama Shabani wa jirani akija kesho kuiomba kama kawaida yake, nitamwambia mwenye hadithi yuko gereji, akamuulize.