Zamu ya Kuamia Ndege

Namawala

Kaka Donati, shikamoo.

Huku tunapumua. Bata wetu ametotoa vifaranga saba.

Uliuliza habari za mpunga. Umeliwa na ndege. Tulipangiana zamu za kuamia kama kila mwaka, lakini siku hizi vichupa vya pombe kali vinauzwa hapohapo njia ya shambani, tangu asubuhi. Juzi saa nne nikawakuta waamiaji watatu wamelala mtaroni, wamejitapikia, nzi wamejaa midomoni, kweleakwelea wanakula. Nilisikia kinyaa, nikataka kuwaruka nipite.

Wa tatu alikuwa mama. Nimemwosha mwenyewe.

Kibanda wanakouza ni chako, kaka, ulikipangisha mwenyewe. Njoo ukibomoe, au usiniulize tena mama anaendeleaje.

Mdogo wako,
Balbina