Jeneza la Waingereza

Matrah, Maskati, 1967

Kwa mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu kutoka huku mbali. Vipi goti lako? Unakula? Na nyumba je, yakalika bila ya sauti ya baba? Mimi mwili mzima. Moyo usiniulize.

Barua yako ya msiba ilinifikia baba keshatimiza miezi miwili kaburini. Nilijifungia chumbani peke yangu, sina wa kukaa naye matanga, kwani hapa hakuna aliyemjua. Katika barua yako ya pili ukaniuliza nani kanipa mkono wa pole. Mpaka juzi, hakuna hata mmoja.

Kuna kampuni ya Waingereza imekuja kupiga sinema ya mchezo wa kuigiza, watu wa kwao wautazame majumbani kwenye televisheni, lile sanduku lenye picha. Walinichukua kuwa mkalimani kwa Kiingereza changu cha skuli. Watu wale, mama, kazi yao ni kurudia! Mtu hunywa kahawa ile ile mpaka ikapoa, na bado bwana mkubwa wao anapiga kelele, "Tena!"

Juzi ikafika zamu ya maziko. Katika mchezo wao, tajiri kafa. Wakapanga mito juu ya jeneza, wakaifunika shuka, wakaajiri watu wanne wa kulipitisha kichochoroni. Hakuna aliyeikumbuka sala ya alasiri, hata mimi. Watu wakatoka msikitini, wakaona jeneza, nawe wajua Muislamu haachi jeneza likampita hivi hivi. Wakaingia mabegani, huyu akimpokea yule, wale wanne wakajikuta pembeni, na jeneza likashika njia ya makaburini. Bwana mkubwa akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Akanituma nikawasimamishe.

Nikakimbia. Nilipowafikia, mtu mmoja akanipisha, akidhani nami nataka thawabu. Nikatia bega, mama. Badala ya kuwasimamisha, nikaenda nao.

Kufika makaburini wakafunua shuka, wakaona mito. Mzee mmoja aliyepata kuishi Pemba, anayenijua kuwa nafanya kazi na Waingereza, akanikamata mkono.

"Nyie mwayafanyia mzaha mauti?"

"Baba yangu kafa Unguja," nikamjibu. "Sikumzika."

Hilo ndilo lililonitoka.

"Jina lake nani?"

"Salim bin Nassor."

Akawageukia wenzake, akasema nao kwa Kiarabu, hasira zikawashuka. Wakainua mikono, wakamwombea baba. Kisha wakanipa mkono wa pole mmoja mmoja, watu nisiowajua hata kwa sura, nami nikalia mbele yao bila ya haya.

Niliporudi, bwana mkubwa akasema turudie. Nikamwambia mimi sirudii. Kazi imekwisha, natafuta nyingine, na riziki anayo Mungu. Usije ukanihuzunikia kwa hilo.

Nisalimie dada Zuwena na mumewe fundi cherehani, na shangazi anayekupikia humo edani. Na mjomba Hamad, anayekwenda kumsomea baba kaburini kila Ijumaa, mwambie safari hii amfikishie salamu zangu. Amwambie mwanawe kachelewa, lakini bega alitia.

Mwanao akupendaye,
Seif