Nilichomficha Nasike

Laini Saba, Kibera,
Nairobi.
9 Februari 2026

Mpendwa Shangazi Nereah,

Nisamehe nikianza bila salamu, maana nikianza nazo nitaishia hapo. Kuna siku natamani nisiwepo tena duniani. Hilo sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Sasa nikusalimu. Habari za huko Rongo? Mgongo unaendeleaje? Amondi ameanza kutembea? Huku Mama bado anafulia watu nguo kule Nyayo Highrise, na jioni hurudi akiwa hoi.

Tangu nimalize Form Four nashinda nyumbani. Rafiki yangu Valentine alihamia Kawangware 46 kwa dada yake anayesuka nywele. Si mbali sana, lakini nauli ni nauli, na wewe unanijua, sina mdomo wa kutafuta marafiki wapya. Kuna siku maneno ninayosema ni "karibu" na "Mama hayuko" pekee.

Wiki iliyopita alikuja Nasike, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Akina mama wa ploti, wapangaji wenzetu, walikusanyika kwetu, mimi nikawatilia chai. Alisema wanaokufa kwa kujiua wengi ni wanaume, hasa waliopoteza kazi na wasiosema kitu.

"Waseme nini?" akauliza jirani yetu, Mama Wanzala. "Wangu hulia tu timu yake ikifungwa!"

Wakacheka. Nasike naye akacheka, kisha akasema wasichana wengi hujaribu wakapona, na nyumbani kwao jambo hufunikwa. Tena, aliyefiwa hivyo na mtu wa damu yake anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Akamtazama Mama.

"Hapa kwangu hakuna mambo hayo," Mama akasema. "Watoto wangu wanamjua Mungu."

"Kumuuliza mtu si kumfundisha, Mama Marion. Ni kumpa nafasi aseme." Akanigeukia. "Na wewe, uko sawa?"

Nikasema niko sawa. Nikachukua birika nikatoka nje, ingawa chai ilikuwa bado tele.

Shangazi, nilimkumbuka Baba Mdogo Obonyo. Alipofutwa kazi ya mjengo tulimwona akinyamaza, tukasema amechoka tu. Kwenye mazishi wazee wakakataza kilio, wakasema jina lake lisipewe mtoto. Wewe pekee ulilia kwa sauti ukimwita, mpaka wakakuvuta kando. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Naogopa nikisema hapa nitakuwa mtu asiyetajwa, nami bado niko hai.

Sijajidhuru. Lakini mawazo hayo hurudi, na nimechoka kuyabeba peke yangu. Simu tuliyo nayo ni ya Mama, naye husoma kila ujumbe, kwa hivyo barua hii nampa Okeyo wa kanisani anayesafiri kuja huko kesho.

Nilitaka kukuomba unitunzie siri. Niliandika hivyo, nikafuta. Usinitunzie. Mpigie Mama umwambie polepole, unavyojua kuongea naye. Mwambie sijamwacha Mungu. Nasike atapita tena Alhamisi, na akiniuliza ningependa Mama awe ameketi kando yangu.

Nisalimie Nyanya na Baba Amondi. Mungu awape usingizi mwema na shamba lenye mvua.

Wako akupendaye, anayengoja simu ilie,
Marion